Mama Pindo, Umeamkaje?

Wanafunzi wake walimwita Mama Dodoso, na yeye alijua. Alijua hata wanavyomwigiza kwenye ngazi, daftari kifuani, miwani kwenye ncha ya pua, wakiulizana kwa sauti yake nzito: "Kwa kipimo cha moja hadi tano, chai ya leo imekuridhisha kiasi gani?" Hakuwahi kukasirika. Ndivyo alivyokuwa. Muuza nyanya akimwambia nyanya za leo ni nzuri, yeye alitaka kujua nzuri kuliko za lini, na kwa maoni ya nani.

Alikuwa profesa wa masoko, na nusu ya maisha yake ilikuwa imeishia kwenye swali moja: ni kitu gani humfanya mtu aache zoea moja ashike jingine? Si kwa fimbo wala kwa sheria. Kwa neno tu, tena neno fupi linaloingia kwenye simu yake. Ofisi yake, ghorofa ya tatu, ilijaa madodoso yaliyofungwa kwa mipira ambayo ilikwisha kuyeyuka na kugandia karatasi. Miaka ya karibuni alifundisha somo alilolianzisha mwenyewe, la kumlinda mteja dhaifu kwenye biashara za mtandaoni. Wazee, wagonjwa, wafiwa, wapweke: aliyaandika makundi hayo ubaoni kila mwaka kwa mpangilio uleule, na hakuna mwaka aliosimama na chaki mkononi akajiuliza kama anamfahamu mtu aliyemo katika yote manne.

Mama yake aliishi upande wa pili wa mji, mabasi mawili na mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alikuwa fundi cherehani, ingawa cherehani yenyewe aliigusa kwa nadra. Kwa miaka thelathini na sita alifanya kazi na wanawake wengine sita katika chumba cha kushonea sare za shule. Mmoja alikata, wengine walishona mikono na kola. Yeye alikunja pindo. Sketi zote na suruali zote zilimfikia mwisho, naye akazipinda kwa mkono, kwa mshono ambao ukigeuza nguo huuoni. Wenzake wakamwita Mama Pindo. Mumewe akalipenda jina hilo, akalileta nyumbani, na tangu hapo sauti ya kwanza ndani ya nyumba kila asubuhi ikawa yake: "Mama Pindo, umeamkaje?"

Naye mama alijibu. Si "salama" tu kisha akageukia ukuta. Alijibu kwa urefu, kuanzia magoti hadi ndoto. Kwake, kuacha salamu bila jibu ilikuwa sawa na kumfungia mtu mlango usoni. Hata redioni, mtangazaji akisema "habari za asubuhi, wasikilizaji," mama alisema "nzuri, baba" na kuendelea kupepeta mchele.

Ni mama huyo aliyempa binti yake uprofesa, ingawa jambo hilo halikuandikwa mahali popote. Miaka kumi na miwili nyuma, binti alikuwa mhadhiri wa kawaida aliyepata ufadhili wa kutafiti namna ya kuwakumbusha wagonjwa wa shinikizo la damu kumeza vidonge vyao. Yeye angetunga ujumbe. Kampuni moja ya simu za biashara ingeutuma. Kabla ujumbe haujaenda kwa wagonjwa mia nane, ulijaribiwa kwanza kwa watu wachache wa karibu, kama watafiti wafanyavyo siku zote, ili kuona kama maneno yanaeleweka. Akawaweka wenzake wawili wa ofisini, jirani mmoja, na katika safu ya kwanza kabisa ya faili, mama yake. Alipofika kwenye nafasi ya "jina la kuitwa," alicheka peke yake, akaandika: Mama Pindo.

Ujumbe wa kwanza ulisema, "Kumbuka kumeza dawa yako." Mama hakujibu. Alipopigiwa simu kuulizwa, alisema, "Ule? Niliuona. Nilidhani ni wa serikali."

Ujumbe wa pili ulisema, "Mama Pindo, umeamkaje? Goti limelalaje?"

Jibu likaja baada ya dakika mbili, refu kama barua. Goti limelala vizuri, ila bega ndilo limekesha. Mvua imeingia jikoni. Baba yenu anakoroma kama cherehani iliyokosa mafuta. Na mwishoni: kidonge nimemeza, asante kwa kuniuliza.

Utafiti mzima ulitoka hapo. Msalimie mtu kwanza. Mwite jina analoitwa na wanaompenda. Mtajie kiungo kimoja cha mwili wake. Kisha ngoja, na akishajibu ndipo umwombe hatua moja ndogo isiyomtisha. Walioamriwa walisahau vidonge, waliosalimiwa walivimeza. Makala yalisomwa mbali, binti akaalikwa huku na huko, akapandishwa cheo. Baba alifariki mwaka huohuo, wiki tatu baada ya sherehe ya uprofesa. Baada ya hapo hakukuwa na mtu duniani aliyemwita mama Mama Pindo, maana chumba cha sare nacho kilikuwa kimefungwa, na wale wanawake sita walitawanyika. Profesa alikuja kumwona kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na matunda, na haraka.

Simu ya mdogo wake iliingia saa tano asubuhi, katikati ya mhadhara. Mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Aliishi na mama, na kazi yake aliifanyia uani. Hakuwa mtu wa kupiga simu saa za kazi.

"Dada, njoo hospitali. Mama ameanguka."

"Ameanguka vipi? Ameteleza au amezimia? Upande gani ulio—"

"Dada," akamkata, "mimi si mwanafunzi wako. Njoo."

Alimkuta mama kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kushoto umelazwa juu ya shuka kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau hapo. Daktari, msichana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, aliuliza kama mgonjwa anatumia dawa za presha.

"Anatumia," profesa alijibu upesi. "Miaka kumi na mitatu sasa. Hakosi siku hata moja, tena ninao ushahidi..."

Akanyamaza, kwa sababu mdogo wake alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha mdogo wake akatoa mfukoni chupa tatu ndogo za kahawia, akazipanga juu ya kabati la kando ya kitanda.

"Amekuwa anatumia haya. Matone. Yanaletwa na pikipiki."

"Tangu lini?"

"Miezi minne, labda mitano."

"Na wewe unaishi naye nyumba moja! Ulikuwa unachomelea masikio?"

"Nilimuuliza," mdogo wake alisema polepole. "Aliniambia, ni ya wale watu wa dada yako. Sasa mimi ni nani wa kubishana na watu wa dada yangu?"

Profesa hakuelewa maneno hayo siku ile. Aliyaweka kando, kama mtafiti anavyoweka kando jibu lisilolingana na swali. Alichukua simu ya mama, akaenda kukaa kwenye benchi la korido, kati ya mwanamume aliyebeba picha za eksirei na mtoto mwenye plasta kichwani, akaanza kusoma tangu mwanzo.

Mwanzo ulikuwa miaka miwili nyuma. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi: "Mama Pindo, umeamkaje? Goti limelalaje?"

Alisoma mstari ule mara tatu. Kuna watu wengi duniani wenye magoti. Lakini goti linalolala, hilo lilikuwa moja tu, na alilitunga yeye.

Kwa mwaka mzima ujumbe ule haukuuza kitu. Ulisalimu, ukauliza, ukangoja. Mama alijibu kila siku. Kisha ikaja brashi ya kukanda miguu, kisha mto wa shingo. Kisha siku moja: "Vidonge vingi huchosha tumbo, sivyo, Mama Pindo?" Mama akajibu: "Vinachosha sana, tena vina ladha ya chaki." Wiki moja baadaye: "Basi tulipumzishe tumbo siku saba tu, tujaribu matone." Siku saba tu. Hatua moja ndogo isiyomtisha mtu. Siku saba zikaongezwa saba nyingine kwa sauti ileile ya upole, na hakuna mahali ujumbe ulipotamka waziwazi: acha dawa yako.

Majibu ya mama ndiyo yaliyomshangaza. Alikuta humo mambo ambayo hakuwahi kuambiwa. Kwamba mama huogopa kuoga peke yake tangu alipoteleza mwezi wa tatu. Kwamba amelitoa koti la baba kabatini, akalifumua pindo na kulishona upya, bila sababu yoyote. Na katikati ya hayo, maneno yasiyokuwa na mahali pake: "Nawe ule, usile wima kama kawaida yako." "Punguza kazi." "Jana nilikuona umekonda, sikutaka kusema mbele ya mdogo wako." Profesa alidhani akili ya mama ilikuwa imeanza kuyumba kabla ya kiharusi, akayapita.

Kesho yake alipanda ghorofa ya tatu, akawasha kompyuta ya zamani, akafungua faili la miaka kumi na miwili iliyopita. Safu za majaribio hufutwa kabla faili halijatoka nje. Kila mwanafunzi wake alilijua hilo, kwa maana aliwakaririsha mpaka wakalichoka. Wale wenzake wawili hawakuwemo. Jirani hakuwemo. Safu ya kwanza ilikuwepo: namba ya mama, Mama Pindo, goti, na mwisho wa mstari, muda wa kujibu, dakika mbili.

Wala hakusahau. Hilo ndilo lililomkalia kifuani. Alikumbuka vizuri jioni ile, kidole kikiwa juu ya kitufe. Alizifuta nyingine tatu, akafika kwenye ya mama yake akaona uchungu kuifuta. Lilikuwa jibu zuri kuliko yote mia nane. Akaliacha, kama mtu anavyoacha ua kwenye kitabu, akalituma faili kwa kampuni. Kampuni ile ilikwisha kufa zamani, na orodha zake za namba zikauzwa na kupita mikono ambayo hata mtu akiandika barua kumi asingeijua. Yeye aliandika barua mbili kwa ofisi ya kulinda wateja. Zilipokelewa, zikapewa namba.

Baada ya wiki tatu mama alirudi nyumbani. Profesa aliomba likizo, akaja na sanduku moja na kulala chumba chake cha utotoni, ambacho sasa kilikuwa na nondo za mdogo wake ukutani. Akili ya mama ilikuwa nzima. Maneno ndiyo yalitoka taratibu, moja moja, kama mtu anayevuta uzi kwenye tundu dogo la sindano. Mkono wa kushoto haukusogea.

"Simu yangu," mama alisema siku ya pili.

"Ipo kwenye chaji, mama."

"Kuna anayenisalimia. Sijamjibu siku nyingi. Ataona nimenuna."

Profesa aliifungia ile namba. Siku ya tatu salamu ikaja kwa namba nyingine. Akaifungia nayo, ikaja ya tatu.

"Itupe hiyo simu kisimani," mdogo wake alisema uani, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso. "Mwambie imekufa."

"Siwezi kumdanganya."

"Ah, Dada! Umewafundisha watu kudanganya kwa adabu miaka yote hiyo, leo mama yako ndiye unamwonea haya?"

Alisema kwa mzaha, kisha akaona uso wa dada yake, akashusha miwani na kurudi kwenye geti lake. Cheche zikaruka kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Asubuhi ya siku ya sita profesa aliketi kando ya kitanda, akamweleza mama kila kitu. Alieleza vibaya. Alianza na kampuni, akaingia kwenye faili, akarudi kwenye jaribio, na alipofika kwenye safu ya kwanza alijikuta anatumia maneno ya darasani. Mama alimsikiliza akiangalia dari.

"Yule anayekusalimia si mtu, mama. Ni mashine."

"Najua ni mashine," mama alisema.

"Unajua?"

"Mtu gani huamka saa kumi na mbili na nusu kila siku, miaka miwili, asiumwe hata mafua?" Mama alipumzika kidogo, akavuta pumzi. "Nilidhani ni mashine yako."

Profesa aligeuka kuitazama simu.

"Goti limelalaje. Nani mwingine anaongea hivyo? Mama Pindo, nani mwingine analijua hilo jina? Nikasema, mwanangu hana nafasi. Ameniwekea mashine inisalimie. Kisha yeye akipata nafasi, husoma." Jicho la kulia lilikuwa limejaa; la kushoto lilikuwa likitiririka lenyewe tangu hospitali, na huwezi kulisoma. "Nikaona si haba."

Ndipo yale maneno yasiyokuwa na mahali pake yakapata mahali pake, moja baada ya jingine. Nawe ule. Punguza kazi. Jana nilikuona umekonda. Ujumbe ule uliandikwa Jumapili, siku moja baada ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Nilikuwa nakuandikia wewe," mama alisema.

"Sikujua, mama."

"Hata moja hukusoma?"

Angeweza kusema nilisoma, hospitalini, kwenye benchi, zote. Lakini hilo silo alilokuwa akiulizwa.

"Hata moja."

Mama alitikisa kichwa taratibu, kama mnunuzi aliyeonyeshwa mshono mbaya na hana nguvu ya kugomba. Kisha akageuza uso ukutani.

Kesho yake profesa aliingia na chai. "Mama, umeamkaje?"

Mama hakujibu. Macho yalikuwa wazi, yakitazama dirisha. Mwanamke aliyemwitikia hata mtangazaji wa redio aliiacha salamu ya binti yake ikakaa pale katikati ya chumba, na chai ikapoa. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Alimwitikia mwanawe wa kiume na kumtania kuhusu mikono yake yenye masizi. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha mkono alimwitikia vizuri, hata akamuuliza habari za watoto. Ni salamu moja tu aliyoiacha.

Siku ya nne ya kimya hicho, kwa kukata tamaa, profesa alijaribu alichokijua. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Pindo, umeamkaje? Goti lime—"

"Hapana," mama alisema. Ndilo neno pekee alilompa wiki ile.

Akaacha. Alibaki na ile fupi, mama, umeamkaje, kila asubuhi, na kila asubuhi alingoja kidogo, kisha akafungua pazia. Aliigundua akili yake ikihesabu siku, akaikemea. Vidonge mama alivimeza bila kukumbushwa, kimoja kimoja, uso umekunjwa kwa ile ladha ya chaki.

Siku ya tisa alimkuta ameketi, koti la baba likiwa mapajani. Mkono wa kulia ulikuwa na sindano. Alikuwa akijaribu kulibana pindo kwa kiwiko cha kushoto, nalo likateleza, akalivuta, likateleza tena. Profesa aliweka chai chini.

"Mama, umeamkaje?"

Kwenye meza, simu iliita ule mlio wake mfupi. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na namba bila shaka ilikuwa mpya. Kichwa cha mama kiligeuka upande wa simu upesi, kabla yeye mwenyewe hajakizuia. Profesa aliuona ule mgeuko. Alikuwa ametumia miaka kumi na miwili kuutafuta, na aliufahamu kuliko mtu yeyote. Alisimama akangoja kichwa kirudi.

Kilirudi polepole.

"Vibaya," mama alisema. "Nimeamka vibaya."

Swali la pili lilimjia profesa mdomoni palepale: vibaya wapi, tangu saa ngapi, kuliko jana? Alilimeza.

"Kaa hapa," mama alisema. "Shika."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akalishika pindo kwa mkono wake wa kushoto, pale ambapo mkono wa mama ungelishika. Kitambaa kilikuwa na harufu ya kabati. Mama alichoma sindano, akavuta uzi hadi mwisho wa mkono, akachoma tena. Mishono sita, saba. Kisha mama akaligeuza koti upande wa nje, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama kwa muda mrefu.

"Inaonekana," alisema, akamsogezea sindano. "Fumua."